Baba hakuuza mashine, msiandike kwamba aliuza

Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 34, naishi Makanyagio, Mpanda. Baba yetu alifariki mwaka jana bila kuacha wosia. Ameacha mashine ya kukoboa mpunga na ghala lake, nyumba mbili za wapangaji Nsemulwa na shamba la mpunga Kakese. Ameacha pia mama yetu na sisi watoto wanne: kaka yetu mkubwa anayeishi Mbeya, mimi, mdogo wetu wa kiume mwenye gereji hapa mjini, na kitindamimba anayesoma chuo Dodoma.

Mashine naiendesha mimi tangu presha ilipoanza kumsumbua baba, miaka minane sasa. Sikuwahi kulipwa mshahara. Nilikuwa nachukua hela ya kula na ada ya watoto wangu, basi.

Kwenye kikao cha familia baba mdogo alisema amesikia redioni kwamba serikali inakata asilimia 40 ya mirathi. Akashauri tuandike haraka hati ya mauziano yenye tarehe ya nyuma, ionekane baba alimuuzia kaka mkubwa mashine, ghala na nyumba akiwa hai, ili mali isihesabiwe kuwa mirathi. Kaka amekubali. Mimi natakiwa kuweka sahihi kama shahidi. Nilipouliza maswali, baba mdogo alisema binti hana sauti katika mali ya ukoo.

Wadogo zangu nao wakagombana. Kitindamimba anasema serikali ikate tu, kwani anayerithi hakuvuja jasho. Wa gereji anasema huo ni wizi, baba alikwishalipa kodi yake maisha yote. Nisaidie: kodi hiyo ipo? Je, ni haki? Na mimi nifanye nini?

Binti wa Mashineni, Mpanda

*

Binti yangu. Poleni kwa msiba, na mama mfikishie pole zangu.

Nianze na karatasi kwa sababu ndiyo yenye haraka. Usiweke sahihi. Tanzania haina kodi ya mirathi: si ya asilimia 40, si ya asilimia 5. Mtoto akirithi nyumba, shamba au mashine ya mzazi wake, TRA haimdai fungu kwa sababu tu amerithi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inataja nyakati ambazo mtu huhesabiwa ameachana na mali yake, hivyo apigiwe hesabu ya kodi. Imemtaja anayeuza, anayebadilishana, anayegawa. Binadamu aliyefariki imemweka kando.

Kinachotozwa ni mauzo. Mkazi wa Tanzania anayeuza ardhi au jengo hulipa asilimia 10 ya faida aliyoipata. Sasa itazame tena ile karatasi ya baba mdogo. Inasema baba aliuza. Mkiipeleka kubadilisha majina, mtakuwa mmekimbia kodi ambayo haipo na kuingia wenyewe kwenye ile iliyopo. Kuandika bei ya kutupa nako hakutawaokoa, kwani mali inapohama kati ya baba na mwanawe sheria inaruhusu ihesabiwe kwa bei ya soko. Tena kuiga sahihi ya marehemu na kuweka tarehe ya uongo ni kughushi, kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na mashahidi ndio wa kwanza kuitwa kueleza walichokiona.

Kuna jambo la pili ambalo sijui kama mlilitafakari kikaoni. Mali iliyouzwa haimo tena kwenye mirathi. Karatasi hiyo ikikubalika, mashine, ghala na nyumba ni za kaka yako peke yake. Mama yenu na ninyi watatu mtabaki na shamba la Kakese. Sisemi kaka ana nia hiyo. Nasema karatasi inampa uwezo huo, na yeye naye ana mke na watoto ambao siku moja watarithi kile ambacho karatasi inasema ni chake.

Hiyo asilimia 40 haikutungwa na redio. Ni kiwango cha Uingereza, kwa sehemu ya mali inayozidi pauni 325,000. Kwa miaka mingi biashara za familia na mashamba ya huko yaliachiwa karibu yote, mpaka Oktoba 2024 serikali ilipotangaza kwamba msamaha huo utawekewa ukomo kuanzia Aprili 2026. Wakulima wakamiminika London na trekta zao, na baadaye serikali ikapandisha kima cha msamaha. Afrika Kusini hutoza asilimia 20, na 25 kwa kinachozidi randi milioni 30, baada ya kuachia milioni 3.5 za mwanzo. Jirani zetu Kenya walikuwa na kodi ya namna hiyo tangu enzi za mkoloni, wakaifuta mwaka 1982. Kwa hiyo alichosikia baba mdogo kipo, ila hakipo Mpanda.

Kilichopo Mpanda ni madeni ya marehemu, na hapo ndipo pa kuwa macho. Kama baba alikuwa na makadirio ambayo hakumaliza kulipa, deni hilo halikuzikwa naye. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamhesabu msimamizi wa mirathi, na hata mrithi, kuwa mtu aliyeshika mali ya mlipakodi. Anatakiwa kuijulisha TRA kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu ateuliwe au aishike mali, kisha atenge kiasi cha kulipa anachodaiwa marehemu kabla ya kugawa. Akigawa kwanza, deni linaweza kumfuata yeye mwenyewe kwa kiasi alichopaswa kutenga. Wewe umeishika mashine tangu siku ya msiba. Unakoboa kwa TIN ya nani? Risiti zinatoka kwa jina la nani? Kama bado ni la baba, hilo ndilo la kushughulikia wiki hii. TIN na leseni ya biashara ni vya mtu, havirithiwi. Nenda ofisi ya TRA Mpanda, eleza kwamba mwenye biashara amefariki, omba taarifa ya deni lake, na uulize namna ya kuendelea kihalali mpaka msimamizi apatikane.

Sasa nirudi kwa wadogo zako, maana ugomvi wao si wa kitoto. Wenye uchumi na wanasiasa wa nchi nyingi wanagombana kwa maneno yaleyale.

Wa gereji anasema baba alikwishalipa kodi. Ni kweli kwa mapato ya mashine: kila mwaka alikadiriwa. Lakini kiwanja chenyewe? Baba yenu alipokinunua, kama alikinunua zamani, Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa, mji wa mwisho wa reli inayotoka Kaliua, reli iliyojengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Mwaka 2012 ukazaliwa Mkoa wa Katavi na Mpanda ikawa makao yake makuu. Zikaja ofisi na watumishi wanaotafuta pa kupanga, na lami ikafika. Bei za viwanja zikapanda, na hakuna aliyepandisha kwa jasho lake. Ongezeko hilo baba hakulilipia kodi, na asipouza mtu, halitalipiwa. Anayetetea kodi ya mirathi hapo ana hoja nzito: sehemu ya urithi wenu imetengenezwa na umma.

Kitindamimba naye anasema anayerithi hakuvuja jasho. Kwa tajiri mkubwa hilo linaeleweka. Mtoto anayepokea makampuni kumi na yule anayepokea jembe hawaanzi mbio mstari mmoja, na nchi inayomtoza muuza nyanya ushuru wa soko kila siku ina haki ya kujiuliza kwa nini urithi wa mabilioni upite bila kuguswa. Mwenyekiti wa Samsung, Lee Kun-hee, alipofariki mwaka 2020, familia yake Korea Kusini ilidaiwa zaidi ya woni trilioni 12, wakapewa miaka mitano kuzilipa. Kampuni haikufa. Kwa hiyo usimwamini anayesema kila kodi ya mirathi huua biashara ya familia.

Ila mimi, kama ningeulizwa leo, ningesema isianzishwe kabla mambo fulani hayajakaa sawa, na sababu zangu ziko hapo hapo mkoani kwenu.

Kodi ya mirathi haiwezekani bila kuthaminisha mali. Sasa angalia kodi ya majengo tuliyo nayo. Tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye LUKU, na nyumba ya kawaida isiyo ghorofa inakatwa kiasi kilekile, iwe ya vyumba viwili Kawajense au ya kifahari yenye bustani. Serikali iliona kuthaminisha nyumba moja moja ni kazi ngumu na ya gharama, ikachagua njia nyepesi. Kama tumeshindwa kuipima nyumba inayoonekana barabarani kila siku, tutaipimaje mali ya marehemu wiki chache baada ya matanga?

Matokeo yake yanatabirika. Atakayepimwa ni mwenye hati, mwenye mashine ya risiti, mwenye akaunti benki. Yaani familia kama yenu. Kundi la ng'ombe mia tatu kule Mpimbwe litarithiwa jioni moja chini ya mti. Shimo la dhahabu litahama mkono kwa kuelewana. Na Katumba na Mishamo je? Wazee waliokimbia Burundi mwaka 1972 walilima ardhi ile miaka 40 kabla ya maelfu yao kupewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Kizazi hicho cha kwanza sasa kinaondoka na kuachia watoto mashamba. Watoto hao wanahitaji kwanza karatasi inayosema shamba ni lao. Bili ya kodi isiitangulie.

Tena nchi hii inakumbuka. Mwaka 1971 Bunge lilipitisha sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Wamiliki wengi walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, na wengi wao walihama nchi. Lengo lilikuwa usawa. Lakini nyumba ya mjane aliyeishi kwa kodi ya wapangaji ilisimama mstari mmoja na ya tajiri, mradi thamani imegusa kima. Kodi ya mirathi ikija, kima cha msamaha ndicho kitakachoamua kama ni ya matajiri kweli au ya yeyote aliyekutwa na hati. Iwekwe juu sana, na mwenye mashine aruhusiwe kulipa kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Mashine haina fedha taslimu ndani yake. Ukiambiwa uilipie asilimia 20 kwa mkupuo, utauza injini.

Kwa hiyo wadogo zako wote wawili wana haki nusu nusu, na ukisikiliza vizuri utaona wamekupa ufunguo wa shauri lako. Mmoja anauliza nani amevuja jasho. Mwingine anasema aliyevuja jasho asinyang'anywe. Nani amevuja jasho kwenye mashine ile miaka minane? Wewe. Kaka yako angeghadhibika serikali ikichukua asilimia 40 ya kazi ya baba, lakini yuko tayari kuchukua asilimia 100 ya kazi yako bila kujiuliza. Mgala muue na haki yake mpe.

Ila nawe uwe mwadilifu. Kufanya kazi kwenye mashine hakukuifanya iwe yako. Mashine ilikuwa ya baba, kwa hiyo ni ya warithi wote, kitindamimba akiwemo ingawa hajawahi kubeba gunia. Unachodai ni ujira, na ujira ni deni la mirathi. Linawekwa mezani pamoja na deni la benki na la TRA, linajadiliwa, linakubaliwa, linalipwa au kukatwa kabla ya kugawana. Katika ujira huo toa hela uliyokuwa ukichukua ya chakula na ada, ili asitokee wa kukwambia ulishajilipa. Kama una daftari, libebe. Kama huna, kaa chini usiku wa leo uandike unachokumbuka, msimu kwa msimu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi ya binti nyumbani kwao hupotea kwa urahisi zaidi.

Kuhusu sauti yako katika ukoo, baba mdogo hakulitoa hewani. Sheria za Mila zilizoandikwa mwaka 1963, katika Tangazo la Serikali Na. 436, zinampa binti fungu la mwisho. Lakini zina ushindani. Katiba inakataza ubaguzi, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, katika shauri la Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory kutoka Kagera, aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi sawasawa na mwanamume. Zaidi ya hayo, mashine iliyonunuliwa na baba kwa fedha yake si mali ya ukoo. Mahakama, kabla ya kuchagua sheria ya kugawia, huangalia marehemu aliishi vipi na alikusudia nini. Mzee aliyemkabidhi binti yake funguo za mashine miaka minane alikuwa amesema jambo.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Chukueni cheti cha kifo cha RITA. Itisheni kikao kingine, mama akiwepo, mpendekeze msimamizi na muandike muhtasari ambao kila aliyehudhuria ameutia sahihi. Peleka Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Kama maisha ya baba hayakuwa ya kimila, karani atawaelekeza mahakama ya juu. Msimamizi akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo ana miezi minne ya kuwasilisha orodha kamili ya mali na madeni, Fomu Na. 5, na baadaye hesabu ya jinsi alivyokusanya na kugawa, Fomu Na. 6. Msimamizi si mrithi mkuu. Ni mtumishi mwenye daftari, na mahakama inaweza kumwondoa. Ukikwama, tafuta msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa hapo wilayani. Huduma yake haitozwi.

Linabaki la mashine. Kuigawa vipande vipande haiwezekani, na kuiuza pamoja na jengo lake ili mgawane fedha ni kuchagua asilimia 10 ya faida iende TRA wakati mngeweza kuiepuka kihalali kwa kutouza. Mkiamua kuuza chochote, tafuteni risiti za baba za saruji, mabati na injini, kwa sababu gharama mtakayoithibitisha ndiyo itakayopunguza faida inayotozwa. Mjue pia kwamba sheria ya 2004 iliachia shamba lililolimwa angalau miaka 2 kati ya 3 ya mwisho, kama thamani yake haifiki shilingi milioni 10.

Ushauri wangu ni huu. Jengo, ghala na mashine vibaki vya warithi wote kwa majina. Wewe fungua biashara kwa TIN yako, upange kutoka kwa warithi wenzako kwa mkataba wa maandishi: unawalipa pango kila msimu, unakata zuio la asilimia 10 la pango na kulipeleka TRA, na faida ya kukoboa inayobaki ni yako, na hasara pia. Kaka akiwa Mbeya atapata fedha yake bila kuamka alfajiri kusikiliza mkanda ukikatika. Mama apewe nyumba moja ya Nsemulwa apokee kodi mwenyewe, asiwe mtu wa kuomba kwa watoto. Biashara ikikua, mnaweza kufikiria kampuni yenye hisa zenu wote. Kampuni haifi mwenye hisa akifa, lakini ina kodi ya asilimia 30 ya faida na gharama ya mkaguzi wa hesabu, na kuhamishia jengo humo kunaweza kuhesabiwa kama mauzo. Kwa mashine moja, bado.

Kwenye kikao kijacho usianze na malalamiko. Mpe baba mdogo heshima yake, kisha sema: "Baba mdogo, nimeuliza. Kodi ya mirathi haipo, na karatasi hii itatuletea kodi na kesi. Naomba tuteue msimamizi leo, tuorodheshe mali na madeni yote, na ujira wangu wa miaka minane uandikwe kwenye madeni." Sema hivyo mbele ya mama na wadogo zako, na uhakikishe mwandishi wa muhtasari ameyaandika yote.